Kolwezi: tunafufua magari ya wazee wetu, lakini tunacheza na esanse

Ukipita Kolwezi siku ya Jumamosi unaweza kuiona: Peugeot 504 nyeupe imefungwa utepe na maua, inaongoza msafara wa harusi, honi zinalia, vijana wanapiga video kwa simu. Nyuma yake zinafuata jipu mpya za watu wa kampuni za madini, lakini hakuna anayezitazama. Macho yote yako kwa 504. Gari la baba zetu limerudi kuwa gari la heshima.

Mimi ni mmoja wa walioshikwa na ugonjwa huo. Ndani ya lupango yetu kulikuwa na 504 ya marehemu baba, imekaa juu ya matofali miaka mingi, kuku wanataga mayai kwenye kiti cha nyuma. Niliamua kuifufua. Nilianza kama wengi wanavyoanza: rangi kwanza, halafu viti, halafu magurudumu yanayong'aa. Esanse niliiacha mwisho. Ndiyo sababu asubuhi moja ya mwezi wa kumi nilijikuta nikitupa mchanga kwa koleo juu ya injini inayowaka, mke wangu akikimbia na blanketi lililoloweshwa maji, na watoto wa jirani wakipiga kelele nyuma ya ukuta.

Hakuna aliyeumia. Kapo iliungua, nyaya ziliyeyuka, rangi yote ya mbele ikageuka mapovu. Tangu siku hiyo nimejifunza kitu ambacho nataka kukisema hapa wazi, hata kama kitawaudhi marafiki zangu wa magari ya zamani: sisi wenye magari ndio tunaoleta moto huo. Siyo mafundi. Ni sisi, kwa sababu tunalipa vinavyoonekana na tunabishana bei ya visivyoonekana.

Nieleze kwanza kilichotokea, maana kinatokea kwa wengi. Pompe ya esanse ya gari langu ilikuwa imekufa. Ile ya kwanza, ya kiwanda, ni pompe ndogo yenye ngozi ya mpira ndani, inasukumwa na injini yenyewe. Haina nguvu nyingi, inatoa robo ya bari hivi. Nilipata pompe ya umeme iliyotolewa kwenye Toyota ya injeksheni iliyogongwa. Kijana aliyeifunga aliniambia, "Patro, hii iko na nguvu sana." Nikafurahi. Nani hapendi nguvu?

Lakini pompe ya injeksheni inasukuma kwa karibu bari 3. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya ile ya zamani. Ndani ya kabureta kuna sindano ndogo inayofunga mlango wa esanse pale boya linapopanda. Sindano hiyo ilitengenezwa ishindane na robo ya bari, siyo bari 3. Ikisukumwa namna hiyo haifungi. Esanse inajaa, inapita juu, inamwagika kwenye injini ambayo tayari ina moto na cheche. Na injini ile haikuhitaji nguvu hiyo hata siku moja. Injini ya kabureta yenye karibu farasi 90, hata ukiikanyaga mpaka mwisho, haiwezi kunywa zaidi ya lita 30 hivi kwa saa. Pompe niliyoinunua inaweza kutoa zaidi ya lita 100. Ni kama kufungulia bomba la zima-moto juu ya kikombe cha chai.

Kijana hakunidanganya. Aliniambia pompe iko na nguvu, na ilikuwa kweli. Aliniuliza pia kama atafute kipunguza msukumo cha kuweka kati ya pompe na kabureta. Nikauliza bei, nikasema, "Weka tu hivyo, tuone." Maneno hayo mawili, "tuone" na "hivyo", yamechoma magari mengi katika mji huu.

Sasa, kwa nini tunahangaika na magari haya? Msomaji wa Goma au Bukavu anaweza kucheka. Lakini Kolwezi si mji wa kawaida. Ulianzishwa mwaka wa 1937 kama makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière, na baadaye ukawa mji wa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kiongozi wa timu, mwalimu wa shule ya kampuni, muuguzi wa hospitali, wengine walifika hatua ya kununua gari. Peugeot 404, 504, Volkswagen ya mgongo wa kobe, Land Rover. Kisha mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, mwaka wa 1991 ukaja uporaji, halafu ile miaka ya chuki na ya watu kufukuzwa, na shaba ya Gécamines ikashuka hadi chini ya tani 50,000. Mishahara ikapotea. Magari yakapandishwa juu ya matofali, moja baada ya jingine. Kwa hiyo mtu akifufua 504 hapa, hafufui chuma tu. Anataka kusema kwamba baba yake aliwahi kuwa mtu.

Na magari yenyewe yalistahili. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari za Afrika ya Mashariki mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile 504 ikashinda mwaka wa 1975 na tena 1978. Yalikuwa magari ya barabara zetu kabla ya barabara zetu kuwa barabara.

Fundi aliyeniokoa baada ya moto ni mzee mmoja aliyekuwa kwenye garaje ya kampuni. Yumo kati ya wale wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari wa mwaka wa 2003 na 2004, uliolipiwa na Benki ya Dunia. Alipewa bahasha yake, akafunga mlango wa miaka yote ile, akaja kufungua garaje chini ya mwembe nyumbani kwake. Nilipomletea gari lililoungua, hakulitazama mbele. Alienda nyuma, akafungua kofre, akainama, akanusa. Kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe ulianza kwa mdomo. Anza kwa tumbo."

Tumbo ni tangi.

Hapa kuna makundi mawili ya watu na yote mawili yananichosha. La kwanza ni la wale wanaosema gari la zamani liachwe kama lilivyotoka kiwandani, kila kitu cha zamani, hata kama kimeoza. La pili ni la wale wanaosema funga chochote kinachopatikana mradi gari litembee. Mimi nasema mfumo mpya wa esanse, uliotengenezwa kwa ajili ya gari lenyewe, ni haki na ni lazima katika mji huu. Lakini uwe mfumo mzima. Nusu ya mfumo ni hatari kuliko ule wa zamani uliooza.

Kwa nini ni lazima? Kwa sababu esanse ya leo siyo ile ya baba. Ile ya zamani ilikuwa na risasi ndani yake. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa mwaka wa 2006, na ilikuwa uamuzi mzuri kwa vichwa vya watoto wetu. Lakini kuna injini za zamani, hasa zenye kichwa cha chuma cha kalibu, ambazo risasi hiyo ndiyo iliyolinda viti vya valvu zao. Zaidi ya hapo, esanse ya sasa imetengenezwa kwa magari ya injeksheni, ambamo inabanwa na msukumo mkubwa na haipati nafasi ya kuchemka. Kwenye gari la kabureta, bomba linalopita karibu na injini likipata joto, esanse inachemka humohumo, inageuka mvuke, na pompe inabaki inapiga hewa. Gari linazimika katikati ya njia, unangoja dakika ishirini, linawaka tena kana kwamba halikufanya kitu. Watu wanasema ni uchawi. Ni mvuke. Na Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Hapa hewa ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo esanse inachemka mapema zaidi, na kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani inamwaga esanse nyingi kupita hewa inayoingia.

Halafu kuna safari ambayo esanse yenyewe imefanya. Hatuna kiwanda cha kuisafisha. Nyingi inayofika hapa inashuka bandarini Dar es Salaam, inapita Tunduma na Zambia, inaingia Kasumbalesa, inapanda Lubumbashi na Likasi mpaka huku: zaidi ya kilomita 2,000 ndani ya malori. Ukiinunua kwenye stesheni nzuri, sawa. Ukiinunua kwa kadafi, pembeni ya barabara, ndani ya chupa iliyokuwa ya maji, unanunua pia vumbi, maji, na mara nyingine petroli. Hapa niseme kwa wasomaji wa ng'ambo ya ziwa: kwenu Tanzania petroli ndiyo hiyohiyo esanse, kwetu petroli ni ile ya taa. Mtu akikuambia esanse yake "imechanganywa petroli kidogo", usifikiri ni mzaha wa lugha. Siwalaumu kadafi, wanatafuta chakula cha watoto, na siku stesheni zikiwa kavu sote tunawakimbilia. Nasema tu kwamba gari la zamani linalokunywa kwao linahitaji vichujio ambavyo baba hakuvihitaji: kimoja chepesi kabla ya pompe, kingine kikali baada yake, na mahali pa chini penye kifuniko cha kumwagia maji yanayotuama.

Turudi kwenye tangi. Ndani ya tangi la chuma lililokaa miaka ishirini na kitu kuna kutu inayobanduka kama magamba ya samaki. Ukiweka esanse mpya, magamba yanasafiri. Kwa hiyo wengi wanakwepa kazi: wanaliacha tangi, wanachukua bidoni la lita 20, wanalilaza ndani ya kofre, wanatoboa kifuniko, wanapitisha mpira. Nimeona hivyo kwenye gari la harusi. Nimeona kwa macho yangu, bidoni la manjano limefunikwa na kitambaa cheupe, na bibi-harusi ameketi mbele yake akitabasamu, kiti tu ndicho kinachowatenga.

Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu, unatuama chini, unajaza kofre, unatambaa chini ya viti. Na hauhitaji joto ili kushika moto. Petroli ya taa inahitaji kufika kama nyuzi 38 na zaidi kabla mvuke wake haujawaka. Esanse inatoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Yaani hakuna siku, hakuna saa, hakuna usiku wa kipupwe wa mwezi wa saba hapa Kolwezi ambao esanse iliyo wazi ni salama. Cheche moja ya taa ya kofre inatosha.

Mzee wangu alilitoa tangi. Tulilimwaga, tukalisuuza kwa maji na sabuni mara nyingi. Kisha akafanya kitu kilichonifanya nicheke kwa furaha. Alilijaza maji yaliyotiwa magadi ya kufulia, akaning'iniza katikati fimbo ya chuma isiyogusa ukuta, akafunga waya wa chanya wa chaja ya batri kwenye fimbo na waya wa hasi kwenye tangi. Elektrolisi! Ni jambo lilelile linalofanyika Luilu tangu mwaka wa 1960 kutoa shaba kwenye maji ya asidi, sasa liko chini ya mwembe linatoa kutu kwenye tangi la Peugeot. "Sisi wa Kolwezi," akasema, "tunaijua kazi hii kuliko kusali." Aliifanyia nje, mbali na jiko, kwa sababu mapovu yanayopanda ni haidrojeni, nayo inalipuka. Aliniambia pia fimbo isiwe ya inoksi, maana inatoa sumu ndani ya maji. Umeme ulikatika mara tatu, ingawa mabwawa ya Nzilo na Nseke yako hapo karibu tu, na kazi ya siku moja ikawa ya siku tatu.

Kuna wanaotumia asidi badala yake, kwa sababu asidi ya salfa haikosekani katika jimbo letu. Msifanye hivyo. Inakula kutu, halafu inakula maungio, halafu inakula mikono.

Tangi liliposafishika tuliona ukweli: matundu madogo kama ya sindano, mengi mno. Hapo ndipo mtu anasema apelekwe fundi wa kuchomelea azibe. Tafadhali. Tangi tupu la esanse ni bomu kuliko tangi lililojaa, kwa sababu lililojaa lina esanse isiyo na hewa, lakini tupu lina mvuke na hewa vimechanganyika, tayari kabisa. Fundi anayegusa tangi kwa moto bila kulijaza maji mpaka karibu na sehemu anayochomelea anacheza na uhai wake kwa dola chache. Ukimpelekea tangi lako bila kumwambia lilikuwa na nini, dhambi ni yako.

Tuliamua kutengeneza jipya. Inoksi, bamba la milimita moja na nusu, lililochomelewa kwa argoni na kijana ambaye kazi yake ya kila siku ni mabomba ya viwanda. Mafundi wa inoksi wako wengi hapa kwa sababu ya viwanda vya shaba, na ni bora kuliko wengi wa Kinshasa, niruhusuni nijivune. Ndani yake tuliweka kuta mbili zenye matobo ili esanse isipige mawimbi kwenye kona. Juu kuna bomba la kupumulia lenye valvu inayojifunga gari likipinduka. Waya wa shaba unaliunganisha na chasi, ili umeme wa msuguano usikusanyike wakati wa kujaza. Kabla ya kutia hata tone la esanse tulilijaribu kwa hewa kidogo sana na povu la sabuni kwenye kila ungio. Bamba nililinunua dukani, kwa risiti. Nasema hivyo kwa sababu kila mtu hapa anajua kuna inoksi inayotoka viwandani usiku, na ni rahisi sana, na sitaki gari la baba yangu libebe kitu hicho.

Kisha mabomba. Hapa ndipo moyo wangu uliuma, maana nilitaka shaba. Bomba la shaba la friji linapinda kwa mkono, linang'aa, na ni letu, jamani! Nchi yetu leo ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile peke yake. Nani atatukataza kuweka shaba ndani ya gari la Kolwezi? Mzee alikataa. Shaba tupu ikitikisika muda mrefu inakauka na kuwa ngumu, halafu inapasuka palepale ilipokunjwa, na barabara zetu zinatikisa. Tena shaba inaiharibu esanse inayokaa muda mrefu ndani yake, inaifanya gundi. Bomba linalofaa ni la shaba iliyochanganywa na nikeli, sehemu 10 hivi kwa 100, lile la breki. Linapinda vizuri, halipasuki, halishiki kutu. Shaba yake inawezekana ilitoka hapa, ikapita Kasumbalesa kama bamba safi la asilimia 99.99, ikavuka bahari, ikarudi kwangu kama mkunjo wa bomba ndani ya mfuko wa plastiki wenye maandishi ya kigeni. Niliulipa. Nikanyamaza.

Mipira, ile mafundi wanaiita duriti, ni mahali pa wizi mkubwa wa kujiibia. Ule mpira mweupe unaoona ndani, wa kupimia maji ya waashi, ni mzuri kwa waashi. Ndani ya esanse unakauka kama mfupa baada ya miezi michache, unapasuka kwenye kibano. Mpira wa esanse una maandishi ubavuni. Ukiona SAE J30 R9, huo unavumilia esanse ya leo na msukumo wa injeksheni. Ukiona R6 au R7, unatosha kwa kabureta, lakini ukague kila mwaka. Ukiona hakuna maandishi, umeuziwa mpira wa maji. Wenye Volkswagen ya mgongo wa kobe wasikilize zaidi: tangi lenu liko mbele, juu ya miguu ya abiria, injini iko nyuma, na esanse inasafiri gari zima kupita kwenye vipande vya mpira ambavyo hakuna anayevibadilisha. Volkswagen nyingi zilizoungua duniani ziliungulia hapo, kwenye mpira wa bei ya soda mbili.

Pompe ilikuja mwisho, na ikawa kitu rahisi kuliko vyote. Tulichagua ndogo, ya kabureta. Tuliifunga nyuma, chini, karibu na tangi, kwa sababu pompe ya umeme inajua kusukuma kuliko kuvuta. Tuliweka kipunguza msukumo mbele na kukipima kwa manometri badala ya kuamini namba zilizoandikwa juu yake. Tukaongeza bomba dogo la kurudisha esanse isiyotumika kwenye tangi, ili ile iliyo karibu na injini isikae mahali pamoja ikachemka. Tangu hapo gari halijazimika kwa joto.

Lakini kitu ambacho kila mtu anakisahau ni hiki: pompe ya zamani ilikuwa inakufa pamoja na injini. Injini ikisimama, nayo inasimama. Pompe ya umeme haijui. Gari linaweza kugongwa, bomba likakatika, dereva akazimia, na pompe ikaendelea kumwaga esanse barabarani mpaka batri iishe, kwa sababu ufunguo bado umefunguliwa. Kwa hiyo lazima kuwe na rele inayokata umeme wa pompe pale injini inaposimama au msukumo wa oili unapopotea, na kile kifaa kinachokata gari likigongwa. Kinapatikana kwenye magari mengi yaliyovunjwa. Watu wanakitupa kwa sababu hawajui ni cha nini. Nilikipata kwenye sanduku la takataka za nyaya, nikakilipa kidogo kuliko bia.

Wasomaji wa Kivu Kusini hawahitaji kufundishwa nguvu ya esanse. Wanakumbuka Sange, tarehe 2 mwezi wa saba 2010, lori lililopinduka jioni watu wakiwa nje na wengine wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 200 walikufa. Gari la harusi si lori, najua. Lakini lita 20 ndani ya kofre zinatosha watu wanne waliovaa nguo za sherehe.

Kwa hiyo nasema kwa wenye magari wenzangu: tuache kumwambia fundi "weka tu hivyo". Tukimleta kijana wa garaje kazi ya kupaka rangi tunampa dola mia tano bila kuuliza. Tukimleta kazi ya mabomba tunamwambia alete vifaa vya bei rahisi, halafu likiwaka tunasema vijana wa siku hizi hawajui kazi. Wanajua wanacholipwa wakijue. Wale wazee wa garaje ya kampuni wanapungua kila mwaka, nimezika wawili mwaka uliopita, na hakuna aliyeandika walichokijua. INPP ipo kwa ajili ya kufundisha ufundi. Ingewaita wazee hawa watatu au wanne, hata kwa Jumamosi moja kwa mwezi, wakae na vijana mbele ya tangi lililokatwa katikati. Na komini zinazotoza ushuru kwa kila kitu kinachotembea zingeweza kutazama mara moja kwa mwaka kofre za magari yanayokodishwa kwa harusi. Haihitaji mashine. Inahitaji mtu mwenye pua.

Kizimamoto pia. Wengi tunacho, tulikinunua cha kuwaonyesha polisi wa barabarani, kiko chini ya matairi ya akiba, na sindano yake imelala kwenye nyekundu tangu siku ya kwanza. Changu kilikuwa hivyo. Ndiyo maana nilitumia mchanga. Sasa kiko mbele, chini ya kiti changu, kinajaa, na mke wangu anajua kukivuta kuliko mimi.

Juma lililopita dada yangu alinipigia simu. Binti yake anaolewa mwezi wa nane, na wamepata 504 ya kukodi, nyekundu, nzuri sana, mwenyewe amewatumia picha. Nilizitazama zote: kapo, viti, magurudumu, dashibodi mpya ya mbao. Picha kumi na moja. Nikamwomba amwambie mwenye gari atume ya kumi na mbili, kofre ikiwa wazi. Bado tunaisubiri.